Paluku Amepelekwa Wapi?

Bakuli la chakula lilirudi zito vilevile lilivyoingia.

Kasoki alilipokea kwa mikono miwili langoni mwa gereza. Bukari, ule ugali wa kwao, ilikuwa bado na joto, samaki hawajaguswa. Askari aliyemrudishia alikuwa tayari anamwita mtu mwingine.

"Papa, umekosea. Hii ni ya Paluku."

"Paluku haiko tena hapa," askari alisema bila kumtazama. "Bamemupeleka. Ni transfert."

"Bamemupeleka wapi?"

"Miye nalinda mulango, mama. Uliza kule ku greffe."

Greffe ilikuwa ofisi ya karani, chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Karani mwenyewe alikuwa amekwenda msibani. Kijana aliyemshikia nafasi alimsikiliza Kasoki hadi mwisho, akaonyesha kumhurumia, kisha akasema hana ruhusa ya kumwambia mtu kitu chochote. Aende parquet, kwa waendesha mashtaka. Kasoki akapanda pikipiki hadi mjini. Huko akaambiwa habari za wafungwa ziko gerezani. Akarudi gerezani. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri pale alisema amesikia waliohamishwa wako Likasi. Mwingine akaapa kwamba aliona gari likishika njia ya Kipushi. Wa tatu akasema yeye alisikia Kasenga, lakini pengine ni maneno ya watu tu.

Simu ya Paluku haikupatikana. Haikuwa imepatikana tangu Jumatatu.

Kilichomtesa Kasoki hakikuwa chakula. Ndani ya mkoba wake, ameifunga kwenye kitambaa, kulikuwa na pompe ya pumu. Tangu wakiwa watoto kule Butembo, kaka yake huyo alikuwa akibanwa kifua hadi midomo inageuka rangi, na mama yao humkalisha kitandani akimsugua mgongo mpaka jogoo awike. Pompe aliyokuwa nayo gerezani ilikuwa imekaribia kwisha. Na huu ulikuwa msimu wa baridi, upepo wa kiangazi unaokausha koo na kuinua vumbi jekundu la Lubumbashi hadi kwenye paa. Mahali popote alipokuwa Paluku, alikuwa anavuta hewa hiyohiyo.

Alikaa juu ya jiwe karibu na lango, bakuli magotini. Machozi hayakuja.

"Dada," mwanamke mmoja alimwambia. Jina lake Deborah, na alikuwa akimletea mumewe chakula pale muda mrefu kiasi kwamba askari walimsalimia kwa jina. "Hapa batakuzungusha mpaka viatu biishe. Bale benye balimushitaki ndugu yako, uko unabajua?"

"Nabajua."

"Basi ubaulize. Bakihamisha muntu, avocat, wakili ya bale, anajuaka mbele ya famille. Enda kwabo."

"Siwezi kwenda kwabo."

Deborah alimtazama, akatikisa kichwa polepole. "Basi kaa hapa na siye."

Waliomshitaki Paluku walikuwa na jina, na jina hilo Kasoki alilitamka kila usiku kabla ya kufumba macho. Raoul.

Kabla ya mvua za mwaka uliopita, Raoul na Kasoki walikuwa wamekwisha kupanga siku ya kujitambulisha kwa wazazi. Raoul alikuwa fundi umeme mgodini Kinsevere, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, Mkatoliki wa watu wa kaskazini mwa mkoa. Babu yake na baba yake walifanya kazi ya reli. Kasoki aliuza kwenye depo ya baba yake, maharage na unga kwa jumla, mali inayoteremka na malori kutoka Kivu. Raoul alikuja siku moja kutengeneza waya zilizoungua, akaja tena kesho yake kuangalia kama zimekaa vizuri, na keshokutwa akaja bila sababu yoyote. Baba yake Kasoki alikuwa amenung'unika kwamba binti yake anataka kuolewa na watu wasiojua hata kusalimia kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo. Mama Brigitte, mama yake Raoul, alikuwa amenung'unika kwamba wafanyabiashara hawa wanahesabu hata chumvi ya mboga. Lakini yalikuwa manung'uniko ya wazazi, yale yanayoisha kwa soda na kitenge.

Kisha ikaja ile jioni ya mvua. Lori la depo, likiendeshwa na Paluku, lilikatika breki kwenye mteremko. Papa Constantin, baba yake Raoul, alikuwa anarudi nyumbani kwa baiskeli.

Paluku hakukimbia. Polisi walimkuta ameketi kwenye matope, mikono kichwani. Lakini aliyekufa alikuwa amekufa. Watu ambao baba yake Kasoki aliwatuma msibani walirudishwa mlangoni. Tangu hapo baba aliapa kwamba hakuna wa nyumba yake atakayekanyaga pale. Mama Brigitte naye alisema hatakula kamwe chakula kilichopikwa na dada wa mtu yule. Raoul na Kasoki wakabaki na simu, usiku, kwa sauti ndogo, mara nyingine dakika nzima wakisikilizana tu wanavyopumua.

Kasoki alisimama. Alimpa Deborah bakuli pamoja na samaki wake wote, akajipangusa vumbi, akapanda pikipiki kwenda Makomeno, kwa akina Raoul.

*

Nyumba ilikuwa moja ya zile za zamani za wafanyakazi wa reli, matofali mekundu na paa la bati. Raoul alikuwa nje, amepiga magoti mbele ya pasi iliyofunguliwa, bisibisi mkononi. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa nyembamba ndani ya kola, na Kasoki, pamoja na hasira aliyokuja nayo, alitaka kwanza kuigusa ile shingo.

Raoul aliinua macho. Kwa kitambo kidogo uso wake wote ulifunguka, kama zamani, kama pale depo. Halafu macho yakamtoka, yakakimbilia mlango wa nyumba, yakarudi.

"Kasoki. Mama iko mu nyumba."

"Najua. Raoul, Paluku iko wapi?"

Bisibisi iligeuka vidoleni. "Juu ya nini unaniuliza miye?"

"Juu haukushangaa. Muntu mwenye hajui angeuliza, 'Paluku amekuwa nini?' Weye uliangalia mulango."

Raoul aliinamia pasi. Hadi dakika ile Kasoki alikuwa bado anaomba kwamba Deborah awe amekosea.

"Ulijua tangu lini?"

"Avocat alipiga simu dimanche, kisha ya misa."

"Dimanche." Alilirudia neno lile la Jumapili taratibu. "Na lundi, kesho yake, nilikupigia simu. Nililia, Raoul. Nilikuambia simu ya Paluku imekufa, mama anatetemeka. Weye ukaniambia, 'Tulia, chérie, tuombe Mungu.' Ulikuwa unajua!"

"Mama aliniapisha. Alinishika mukono, akaniapisha ku jina ya papa. Ungefanya nini, weye?"

"Uliapa kunyamaza. Kunidanganya, hiyo nani alikuapisha?"

Neno hilo lilimpata. Raoul aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali, akasogea hadi Kasoki akasikia harufu ya risasi ya kuchomea waya, harufu aliyokuwa akiitafuta kwenye kitambaa kimoja alichoficha chini ya mto wake.

"Sikiliza," Raoul alisema, sauti ikikwaruza. "Nikisikia frein, breki ya lori, mu njia, nashituka. Hata ku kazi, mbele ya bantu. Na kuko muntu moja tu mu dunia mwenye anaweza kunituliza. Moja. Na huyu muntu ni dada ya mwenye alikuwa anashika volant ya ile lori. Niende wapi, Kasoki? Niambie, nitaenda."

Kasoki alifungua mkoba, akafungua kitambaa, akamwekea ile pompe kiganjani.

"Ya kwake imeisha," alisema. "Sikuja juu ya siye mbili leo. Nilikuja na hii tu."

Raoul alikitazama kile kitu kidogo cha plastiki. Midomo yake ilifunguka.

"Mwambie aingie," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Sipendi bantu bapige kelele mu uwanja ya lupango yangu."

*

Mama Brigitte alikuwa mwanamke mfupi, na nguo nyeusi za ujane zilimfanya azidi kuwa mfupi. Aliketi chini ya picha ya marehemu mumewe, Papa Constantin na kofia yake ya reli, anacheka. Kasoki alipiga goti kama alivyofundishwa.

"Jambo, mama."

"Usiniite mama."

"Nikuite nani?"

"Usiniite."

Raoul alibaki amesimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, pompe bado mkononi.

"Ulikuja kutafuta ndugu yako," Mama Brigitte alisema.

"Ndiyo."

"Ulienda ku gereza?"

"Nilienda. Bakasema haiko hapa. Nikaenda ku parquet, nikarudi ku gereza. Kila muntu anasema yake."

"Haiko hapa." Mama Brigitte alilitamka neno lile kama anayelionja. "Miye naye niliambiwa ile. Raoul alikuambia?"

"Hapana."

"Hakukuambia, juu Raoul alikuwa Kinsevere. Nilikuwa peke yangu." Aliegemea mbele. "Mvua ilikuwa inanyesha. Jirani akakuja kunipigia mulango: Papa Constantin amegongwa. Nikakimbia kule. Nikakuta baiskeli. Yeye, hapana. Banasema bamemupakia mu gari ya muntu, bamemupeleka ku hospitali. Hospitali gani? Hakuna mwenye alijua. Nilienda ku moja: mama, haiko hapa. Nikaenda ku ingine: haiko hapa. Viatu bilikatika, nikabishika mu mukono. Kulikucha, nikaendelea. Unajua nilimupata wapi? Ku morgue, ku nyumba ya maiti. Bamemuwekea kikaratasi ku muguu: bila jina. Constantin! Muntu mwenye hata mbwa ya Makomeno ilimujua. Bila jina."

Raoul aliweka mkono ukutani. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kuyasikia haya, au hakuwahi kuyasikia hivi.

"Basi avocat aliponipigia simu," Mama Brigitte aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa kali, imenyooka, "nilisema: vizuri. Mama ya ule dereva naye ajue. Asimame ku mulango, bamuambie haiko hapa. Ajue ile kintu vile inakamataka muntu mu tumbo. Njo nilisema. Na nilifurahi, unasikia? Nilifurahi."

Kasoki alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Kwa haya hakuwa amejitayarisha. Aliona viatu vilivyokatika, aliona ule mkono uliovishika. Na machozi yaliyomgomea asubuhi nzima kule gerezani yakaja hapa, katika nyumba isiyomtaka, kwa ajili ya mzee aliyelala bila jina.

"Hatukujua," alisema. "Hakuna mwenye alituambia ile ya morgue. Pole, mama. Pole sana."

Mama Brigitte hakumkataza safari hii.

"Na mama yangu," Kasoki alisema alipoweza, "amejua. Analala na simu ku kifua. Tukimupa chakula anasema, 'Kwanza nisikie sauti ya mwanangu.' Kama ile njo ulitaka ajue, mama, imemufikia. Yote."

Nje, jirani alikuwa anatwanga kitu. Mama Brigitte alisikiliza ule mchi hadi ulipotulia. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mtu angesema amezeeka, lakini Kasoki, aliyekuwa karibu, aliona kwamba ni ile hasira tu iliyokuwa imemshikilia wima, na sasa imemwachia.

"Kasenga," alisema. "Bamemupeleka Kasenga, ku muto ya Luapula."

Kasoki aliinamisha kichwa mpaka kikagusa ukingo wa kiti.

"Inuka. Usinipigie magoti. Sijamusamehe, unasikia? Usitoke hapa kusema mu mitaa Brigitte amesamehe. Na habari ya ndoa yenu, siitaki mu masikio yangu."

"Nimesikia, mama."

"Enda basi. Muntu asikufie kule, na bantu bake habajui."

Raoul alikuwa amekwisha kuvaa koti. "Kasenga ni mbali. Hataenda peke yake."

"Raoul!"

"Mama, nilikutii. Nilinyamaza, na nikaona vile ilimufanya." Alimwonyesha Kasoki kwa kidevu. "Sitaweza tena."

Mama na mwana walitazamana chini ya ile picha. Kasoki alitazama sakafu.

"Na miye," Mama Brigitte aliuliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke anayeogopa, "nani ataniambia weye uko wapi?"

"Miye mwenyewe. Nikifika, nitakupigia simu ya kwanza."

*

Waliondoka alfajiri na gari la wauza samaki lililokuwa linarudi Luapula tupu, linanuka. Baba yake Kasoki alikuwa amefoka kwenye simu hadi akakaukiwa na sauti. Kisha aliposikia nani ametoa habari ile, akauliza tu kama Kasoki amebeba sweta la Paluku.

Njiani hawakusema mengi. Kulikuwa na neno kati yao ambalo bado lilikuwa na makali. "Nilikudanganya," Raoul alisema mahali fulani, akiangalia nje. "Ndiyo," Kasoki alijibu. Baadaye lori lilitokea mbele yao kwenye kona, breki zikapiga mluzi, na mwili mzima wa Raoul ukakakamaa. Kasoki alichukua mkono wake, akauweka juu ya goti lake mwenyewe, akaufunika kwa mikono miwili. Wakaenda hivyo hadi waliposikia harufu ya mto.

Gereza lilikuwa jumba dogo lenye ukuta uliomomonyoka upande mmoja. Mlinzi, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, aliwapokea bila haraka.

"Paluku? Mwenye alitoka Lubumbashi? Iko."

Iko. Kasoki alishika ukuta.

"Lakini haiko muzuri," mlinzi aliongeza. "Anakohoa, anakaa wima usiku. Mulifanya vizuri kukuja." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Anaingia famille tu. Weye?"

"Dada yake."

"Na huyu?"

Kasoki alikuwa ameandaa uongo tangu asubuhi: jirani, dereva, rafiki wa baba. Alifungua kinywa, lakini Raoul alimtangulia.

"Famille," alisema.

Mlinzi hakuuliza zaidi. Aliwapeleka uani, akaita jina.

Paluku alitoka ameshika mlango. Mabega yake yalipanda na kushuka kwa kila pumzi, na mluzi wa kifua chake ulisikika hadi pale walipokuwa. Alimwona dada yake, akaanza kutabasamu. Kisha akamwona aliyesimama nyuma yake. Tabasamu likafa. Alirudi hatua, mgongo ukagonga ukuta.

"Raoul," alisema.

Kasoki alimtafutia pompe mkobani, hakuiona, akachanganyikiwa, hadi alipokumbuka iko kwa nani. Raoul alikuwa ameishika mfukoni njia nzima. Alivuka ua peke yake. Alisimama mbele ya mtu yule, karibu kabisa, na mlinzi akaacha kupiga miayo akawaangalia.

"Raoul, frein ilikataa," Paluku alisema, maneno yakitoka moja moja. "Nilikanyaga... nilikanyaga mpaka... Habakuniacha nikuje ku kilio, nikuambie... papa yako..."

Alibanwa. Akainama, mikono magotini, anatafuta hewa asiipate.

Raoul alimshika bega, akamwinua taratibu, akamweka ile pompe mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Mkono huo haukuondoka.

"Ile utaniambia siku ingine," alisema. "Pumua kwanza, shemeki."